Uso wa Mukiri Kabla ya Rangi

Kangeta
14 Januari 1979

Mwalimu Ireri,

Natumaini barua hii itakukuta hapo Majimbo ukiwa na afya njema na hasira zako za kawaida. Mimi nipo. Mchana nafundisha darasa la nne, jioni nachora, na katikati napika.

Kifurushi ulichompa dereva wa basi kilifika: mirija saba ya rangi za mafuta, brashi tatu, na ile chapa ya mchoro wa mama mzee wa Kiholanzi uliyorudi nayo kutoka Ulaya. Nimeibandika ukutani. Nimeinakili mara mbili kwenye kitambaa cha marekani nilichokipaka gundi, kama ulivyotufundisha chuoni. Nakala ya pili nakutumia. Mikono ya yule mama imenitesa, na pua pia.

Mama mkwe wangu, Mukiri, aliingia akaitazama chapa, akauliza huyu ni mama ya nani. Nikamwambia hakuna anayejua, alikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Akasema, "Na watu bado wanamwangalia tu? Hakuzaa hata mtu wa kumfunika?" Kisha akanitazama tumbo. Kila neno la huyu mama safari yake huishia tumboni mwangu. Ni miaka mitano sasa tangu Mithika anioe, na mama yake humwambia mbele yangu kwamba mtu mwenye shamba lisilotoa kitu hutafuta lingine. Mithika hunywa chai yake bila kuinua kichwa. Siku akilitafuta hilo shamba lingine, mimi nitafungashiwa virago, na nyumbani kwetu Maua hakuna anayeningoja.

Ungemwona, Mwalimu. Ana macho ya mtu anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka. Siku akifa nitamchora vizuri sana, maana ndipo atakaponyamaza. Unisamehe kwa kusema hivyo, lakini huku sina mtu mwingine wa kucheka naye.

Mwanafunzi wako,
Ntinyari


Majimbo, Embu
29 Januari 1979

Ntinyari,

Nakala yako niliitundika jikoni. Wambeti, anayenipikia, ameomba niiondoe kwa sababu anamwonea huruma mama huyo. Sikumwelewa, nikaenda kuitazama tena, nikamwelewa. Pua ni kiazi kitamu. Mikono ni soksi zilizojazwa maharage. Nimefundisha miaka ishirini na moja na sijawahi kuona mtu akitumia rangi ghali namna hiyo kumdhalilisha mwanamke asiyemjua.

Shida yako ni kwamba humwogopi. Unanakili mtu aliyekufa zamani, hawezi kukujibu. Sasa utafanya hivi. Kiti cha yule mama kibaki, kofia yake nyeupe iwe kilemba, mwanga uingie kutoka dirisha la kushoto vilevile. Lakini kitini umweke mtu wa nyumbani kwenu. Namtaka mama mkwe wako. Nilicheka mpaka nikamwaga chai niliposoma maneno yako: "Siku akifa nitamchora vizuri sana, maana ndipo atakaponyamaza." Kwa nini umngoje afe? Mchore sasa. Hayo macho yanayohesabu vijiko ndiyo ninayoyataka.

Utaratibu ni ule wa mabwana wa kale. Kwanza tabaka la chini: nyeusi, nyeupe na kijani kidogo, uso mzima uwe wa kijivu. Wenyewe waliliita tabaka la kufa. Rangi ya ngozi huja baadaye, nyembamba, moja juu ya nyingine, na hapo ndipo uso huanza kupumua. Macho yaache matupu mpaka mwisho kabisa. Tabaka likauke wiki tatu, na mvua ikinyesha zaidi ya hapo. Usiguse rangi ya ngozi hata tone kabla sijakuandikia. Nakujua, wewe ni mtu wa kusonga ugali kabla maji hayajachemka. Na picha isiyokwisha haionyeshwi mtu yeyote. Ifunike.

Nitumie michoro ya penseli ya kila hatua nione unakokwenda.

Ireri


Kangeta
25 Machi 1979

Mwalimu,

Tabaka la chini limekauka. Nimelibonyeza kwa kidole kila siku kama mama anayepima homa ya mtoto. Michoro ya penseli imo humu ndani.

Nilipomwomba mama akae, nilijiandaa kwa matusi. Akaniuliza kama atavaa viatu. Kumbe tangu azaliwe amepigwa picha moja tu, ile ya kitambulisho, na anasema aliyempiga alimharakisha kama mbuzi wa sokoni. Sasa kila siku saa kumi ananawa, anafunga kilemba cheupe cha kanisani, anakaa karibu na dirisha. Wiki ya kwanza hatukusemezana. Wiki ya pili alianza mwenyewe. Alikaa miaka saba katika boma hili kabla ya kumzaa Mithika, na mama mkwe wake alikuwa akimpakulia chakula mwisho, baada ya watoto wa majirani. Akaniambia, "Mimi pia waliniita gunia tupu. Nikaapa mimi mtu sitamwita hivyo. Na ona vile nimefanya." Kisha akaniambia nisisimamishe kazi kwa sababu yeye anaongea.

Juzi Mithika alianzisha tena habari ya msichana fulani wa Laare. Mama alimkata: "Wacha hiyo maneno. Si unaona mke wako ako kazini?" Mwalimu, niliingia jikoni nikalia mpaka uji ukaungua. Sijawahi kulindwa na mtu katika nyumba hii.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, barua yangu ya Januari uichome. Yale niliyoandika hayakuwa ya haki, na sasa si kweli tena. La pili, niruhusu nianze rangi ya ngozi. Mama ameshawaambia akina mama wa kanisa kwamba Pasaka watakuja kumwona akiwa ukutani. Hajaiona picha, nimeifunika kwa shuka kama ulivyosema, lakini kila jioni ananiuliza kama tayari ana uso. Namwambia bado kidogo.

Nangoja neno lako.

Ntinyari


Majimbo, Embu
4 Aprili 1979

Ntinyari,

Hapana.

Pasaka ni sikukuu ya kanisa, si tarehe ya kukausha rangi. Nimeitazama michoro yako. Umeanza kumpenda, na mkono wako umelainika. Mchoraji akimpenda aliye mbele yake humfutia makunyanzi bila kujijua, kisha anabaki na picha ya kuuzia sabuni. Ngoja mpaka katikati ya Mei. Mkigombana tena kidogo, itasaidia.

Barua yako sijaichoma. Sichomi kitu kilichoandikwa vizuri.

Ireri


Kangeta
18 Aprili 1979

Mwalimu Ireri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwa jirani, kwa sababu sina ruhusa ya kuingia ndani.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda mtoni. Akina mama walikuja mapema, kumi na mmoja, Phyllis mwenyekiti wao akiwa mbele. Mama hakutaka kuwangojesha. Aliwaingiza chumbani, akawapanga, akashika shuka kwa mkono wake mwenyewe, akaivuta.

Unajua walichokiona. Kilemba chake, kitenge chake, mikono yake imekunjwa mapajani, na uso wake wa kijivu, wa kijani kwenye mashavu, bila macho. Phyllis alipiga kelele. Wengine walitoka nje, na mmoja alitapika kwenye nyasi. Unajua pia, kwa sababu Embu na Meru hatukutengana sana, kwamba wazee wetu hawakuwa wakigusa maiti wala kukaa nayo nyumbani. Mtu alitolewa nje kabla hajakata roho. Tumeokoka, ndiyo, tunazika na jeneza na nyimbo, lakini ule mugiro, ule mwiko, haujatoka kwenye damu. Na mimi nimeweka maiti ya mama ya mume wangu ndani ya nyumba yake, yeye akiwa hai na ananiletea chai.

Nilirudi na mtungi nikamkuta bado amesimama hapo. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Hivi ndio nilikuwa nikikaa hapo kwa dirisha kila siku, wewe ulikuwa ukifanya hii?" Nikajaribu kumweleza habari ya tabaka. Mwalimu, jaribu wewe kueleza tabaka kwa mtu anayejitazama akiwa amekufa. Amelala kitandani tangu siku ile, hali kitu nilichokigusa.

Wazee wa ukoo watakaa Jumamosi tarehe tano Mei kuamua kama narudishwa kwetu. Nakuomba kitu kimoja. Andika barua, yenye jina lako na cheo chako, useme kwamba kazi hii ndivyo inavyoanza, kwamba wewe ndiye uliyeagiza, na kwamba rangi ya uhai ilikuwa inakuja. Watakuamini. Umesoma Ulaya, una mvi. Ukurasa mmoja tu unatosha.

Ntinyari


Kangeta
22 Aprili 1979

Kwa Mwalimu Ireri,

Mimi ni Mithika, mume wa Ntinyari. Hatujuani. Mimi ni mtu wa miraa, barua si kazi yangu, kwa hivyo nitasema kwa kifupi.

Mke wangu anasema wewe ndiye ulimwambia amchore mama yangu na rangi ya maiti, na kwamba ni masomo. Watu wa hapa wanasema mengine. Wanasema mwanamke asiyezaa amemtengenezea mama mkwe kifo ili abaki na boma. Mimi sitaki kuamini hivyo. Nimeishi naye miaka mitano na sijaona ubaya wake.

Naomba unijibu ukweli. Ulimwagiza amchore mama, ama hukumwagiza? Nitasimama na jibu lako.

Mithika


Majimbo, Embu
28 Aprili 1979

Bwana Mithika,

Nimesikitika kusikia ugonjwa wa mama yako. Mfikishie pole zangu.

Ni kweli kwamba wachoraji wa kale walianza na tabaka la kijivu, na ni kweli nilimfundisha mke wako jambo hilo. Lakini kazi niliyompa ilikuwa kunakili picha ya mama mmoja mgeni, aliyekufa karne nyingi zilizopita na asiye na jamaa wa kulalamika. Sikumwagiza kumchora mtu wa nyumba yenu. Kama alimweka mama yako mahali pale, hilo lilitoka moyoni mwake, na ya moyoni mwa mkeo mimi nitayajuaje?

Mwezi ujao nimeteuliwa kusahihisha mitihani ya sanaa ya walimu. Utaelewa kwamba sipendi jina langu litajwe katika habari za uchawi. Nashukuru kwa busara yako.

Ireri


Maua
9 Mei 1979

Mwalimu Ireri,

Nipo kwa baba yangu. Mithika alinisindikiza mpaka stendi akiwa amebeba sanduku langu kichwani. Nakuandikia ili ujue kilichotokea, kwa sababu ulihusika zaidi ya unavyodhani.

Kwenye kikao cha wazee, Muturi, katibu wa kanisa, ndiye aliyekuwa msomaji. Alisoma barua yako kwa Mithika. Nilikuwa nimeketi chini, nikasikia kwamba hukuniagiza, na kwamba ya moyoni mwangu huyajui. Watu walianza kunung'unika. Mithika aliinamisha kichwa.

Mimi barua zako zote nilikuwa nazo kwenye kikapu. Nilizitunza kwa sababu ya mafunzo yaliyomo. Nikatoa ile ya Januari nikampa Muturi, nikamwonyesha aya ya tatu, nikamwambia asome hiyo tu. Akasoma: nyeusi, nyeupe na kijani kidogo, macho mpaka mwisho, na hapo ndipo uso huanza kupumua. Alisoma vizuri, kama anavyosoma Injili. Niliona nyuso zikilegea. Mzee mmoja alisema kumbe ni kama kuchoma matofali, mwanzo ni matope tu.

Mama alikuwa karibu na mlango, amejitanda shuka. Akaniuliza mbele ya wote, "Na ni yeye alisema unichore mimi?" Nikasema ndiyo. Alikuwa akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Akasema, "Basi asome hapo. Nikisikia ni yeye, mimi sina maneno. Huyu ni mtoto, aliambiwa."

Muturi akapanda juu kidogo kwenye ukurasa.

Agizo lako na maneno yangu umeyaweka katika aya moja, yamebanana. Hakuna msomaji ambaye angeweza kuyatenganisha. Muturi aliposoma "Namtaka mama mkwe wako," mama alitikisa kichwa kwamba amesikia. Ningesimama wakati huo nikainyakua karatasi. Sikusimama. Muturi akaendelea kwa mkumbo wa kusoma, akafika kwenye siku akifa, akanyamaza. Mama akamwambia, "Soma. Mimi si mtoto." Akasoma yote, na vijiko pia.

Nikalia, nikasema niliyaandika Januari, nilikuwa bado sijamjua. Mama alingoja nimalize. Kisha akawaambia wazee, "Basi picha haina makosa. Aliniona hivyo hata kabla sijakaa kwa kiti." Akaamka akatoka. Kikao hakikuchukua hata robo saa baada ya hapo.

Wewe ulidanganya kwa maneno machache na umebaki na kazi yako. Mimi nilitoa ukweli, na ukweli ndio ulionifukuza. Nakuchukia, Mwalimu, lakini nikitafuta mahali pa kuanzia nakuta ni kwangu, ni mimi niliyeandika ili nikuchekeshe.

Ntinyari


Kangeta
17 Juni 1979

Kwa Mwalimu Ireri,

Ni Mithika tena.

Ile picha imetushinda. Kuichoma haiwezekani, ni uso wa mtu aliye hai. Kuitupa vilevile. Iko kwenye ghala la mahindi imegeuziwa ukuta, na mama anasema anaisikia. Amekonda sana. Anasema hatakufa akiwa ameacha uso wa namna ile duniani.

Ntinyari alituma watu kuomba aje aimalize, siku moja tu, hata kama atakaa nje. Mama alikataa. Alisema mkono ule usimguse tena.

Wazee wameamua wewe ndiye utakayekuja. Aliyefunga ndiye anayefungua. Mimi najua ulinidanganya, kila mtu alisikia barua zote mbili. Lakini wewe ni mtu wa nje. Uongo wako hautuumizi kama maneno ya mtu anayekula na sisi. Njoo na rangi zako, tutakulisha na kukulaza.

Mithika


Majimbo, Embu
30 Julai 1979

Ntinyari,

Hujaniandikia tangu Mei na sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu kazi ni yako na una haki ya kujua ilivyoisha.

Nilikaa Kangeta siku sita. Walinichinjia mbuzi siku ya kwanza, ingawa hakuna aliyekula karibu nami. Picha ilitolewa ghalani, nikaifuta vumbi la mahindi, nikaiweka dirishani. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mwanafunzi yeyote. Mimi mwenyewe sijawahi kutengeneza tabaka la chini zuri kama lile. Kila mfupa uko mahali pake. Sikuwa na kazi ila kuweka rangi nyembamba na kuacha uso ujitokeze. Ungeachiwa wiki mbili tu mwezi wa Aprili ungefika hapo peke yako. Ndiyo, najua aliyekukatalia.

Msichana wa Laare ameshahamia. Ndiye aliyekuwa akiniletea chai.

Kwenye pembe ya chini nimeandika jina langu. Mithika alisema haitatundikwa ikiwa na lako, na bila jina lolote wazee waliona ni kama mtoto asiye na baba. Niliona haya nilipoandika, lakini niliandika.

Kosa lililobaki lilikuwa moja, la mdomo. Ulimchora akiwa anataka kucheka. Katika kijivu sikuliona, lakini rangi ilipoingia lilikuwa wazi kabisa: anamtazama aliye mbele yake kama mtu anayemwona mwanawe akirudi kutoka shule. Niliuacha hivyo siku tatu. Nilidhani utamfurahisha. Siku ya nne, macho yalipokwisha, mama alikuja akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Huyu hapa alikuwa akimwangalia nani hivi?"

Nikamwambia alikuwa akimtazama mchoraji.

Akanyoosha kidole akakiweka kwenye rangi mbichi, hapo kwenye kona ya mdomo. Akasema, "Funga hapa." Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya picha nzima, na nilikuwa nasema kweli. Akarudia nifunge. Nikaufunga. Ilihitaji mipigo miwili tu ya brashi, kwa sababu kicheko chenyewe kilikuwa kidogo sana. Akatazama tena, akasema sasa ni yeye, kisha akamwita yule msichana amletee uji.

Anakula sasa. Picha iko sebuleni, juu ya redio, na akina mama wa kanisa walikuja kuiona Jumapili.

Ireri